Kitanda cha Mwanasesere

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Mwanangu Tonge ameanguka kitandani. Si leo, juzi. Naandika leo kwa sababu leo ndiyo nimethubutu kumweka chini.

Nilikwenda kuepua maji ya kuoga. Nikamwacha katikati ya kitanda, mto kushoto, mto kulia, rundo la nguo chafu miguuni. Ngome kabisa! Akatokea upande wa kichwani. Puu! Nundu kwenye paji la uso, kama limau. Akalia kidogo, akaona kijiko sakafuni, akacheka. Mimi ndiye niliyelia mpaka jirani akaja na maji ya baridi.

Balaa ni kwamba wifi alikuwa barazani. Wifi ni dada yake Baba Tonge, anauza kwenye duka la dawa, na lile koti jeupe la kazini analivaa hata akienda sokoni. Nundu haijamaliza kuvimba, habari imeshafika kwa mama mkwe.

Mama mkwe amepiga simu asubuhi. Salamu fupi. Amesema amesikia. Amesema nyumba yenye mtoto na isiyo na kitanda cha mtoto si nyumba, ni stendi. Anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Akikuta mjukuu wake ana kitanda chake, vizuri. Asipokikuta, atambeba akamlee kwake mpaka atakapotembea.

Ambebe! Tonge wangu! Nikasema, mama, bado ananyonya. Akasema hata kwake maziwa yapo.

Baba Tonge ni fundi wa kuchomelea vyuma. Mtaa mzima unafunga mageti yake. Kwetu sisi kiti kina miguu mitatu na tofali. Tangu mimba ikiwa changa anasema atachomelea kitanda. Leo nimemkumbusha. Akasema yeye hafanyi kazi ya maneno, fundi anataka sampuli, nimletee sampuli nione atakavyofanya watu wasimame barabarani. Na kuhusu mama yake? Mama akisema amesema. Kisha akaomba chumvi.

Sawa. Nitanunua mwenyewe, kwenye simu, kama watu wengine. Nimeshapakua duka. Alama yake ni ya manjano, kwa hiyo naliita duka la manjano. Vitanda vilivyomo humo, mpaka kidole kinachoka kupandisha!

Jumanne, tarehe 5 Machi

Nimekipata!

Cheupe. Kina vizuizi pande zote, kina kimto, kina kiblanketi chenye maua ya bluu. Kwenye picha kimesimama peke yake, hakuna kitu kingine pembeni, kama bwana harusi anayengoja. Kinaitwa Kitanda cha Mwanasesere. Kampuni hiyo sijawahi kuisikia, lakini jina lina uzito. Mwanasesere! Kama jina la mzee mwenye viwanda.

Na bei! Bei ya kutupa. Nilidhani wamekosea, nikabonyeza haraka kabla hawajashtuka. Hela yangu ya kusuka nywele imetosha na kubaki.

Maelezo nimeyasoma. Urefu 30 sm. Hiyo sm nadhani ni salama. Nikamuuliza Baba Tonge kama thelathini inamtosha mtoto. Alikuwa anakata kucha. Akasema thelathini ni nyingi, hata geti dogo la uani ni thelathini. Basi. Fundi amesema.

Jioni wifi akapita na koti lake. Akauliza, kwa ile sauti ya puani, kama nimeshahangaika na kitanda au nasubiri kishuke chenyewe. Nikaendelea kuchambua mchele. Nikamjibu taratibu kwamba kimeshaagizwa, wifi yangu, tena cha Mwanasesere.

Nikamwona kabisa anapekua kichwani. Halafu akasema aaa, Mwanasesere! Hao wanaijua kazi. Bosi wake ana meza yao ya kulia. Ila vitu vyao ni vizito kuhamisha, nijiandae.

Nimefurahi. Wifi ni mtu aliyesoma. Kama yeye anawajua, basi sijapotea.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Kitanda bila chandarua ni kuwapelekea mbu chakula kwenye sahani. Leo nimeingia kwa dada wa mubashara. Huyu hana duka, ana simu na koo. Anashika kitu juu, anapaza sauti: wangu, kimebaki kimoja, bonyeza moyo! Kwake kila kitu kimebaki kimoja.

Chandarua kilikuwa kizuri, cha rangi ya maziwa, kina kamba ya kufungia juu. Nikabonyeza moyo. Tonge alikuwa mapajani, akaiona ile mioyo inapanda kwenye kioo, akaipenda. Nikageuka kutafuta kitambaa nimfute pua. Kugeuka tu! Nikasikia dada wa mubashara anapiga vigelegele. Mama Tonge huyooo! Mama Tonge anaelewa mitindo!

Chandarua amekichukua mtu mwingine aliyeniwahi. Mimi nimenunua wigi. Refu. Rangi ya kutu.

Nikamwandikia kwamba aliyebonyeza ni mtoto. Akasema mbele ya watu wote kwamba huyo mtoto ana macho, Mungu amkuze. Nikauliza kurudisha je. Akasema wangu, mubashara hairudi nyuma.

Mwisho wanakuomba umpe muuzaji nyota. Nikampa tano. Koo lile lazima linamuuma, na pengine naye ana mtoto anayelelewa na simu.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Siku ya mizigo! Anayeleta ni baba mmoja mwenye pikipiki na begi kubwa mgongoni, mtaani tunamwita Bwana Mzigo. Haongei. Anakutazama, anatazama simu, anakukabidhi.

Wa kwanza, wigi. Ni kubwa kuliko nilivyoliona mubashara. Nililiweka kitini, Baba Tonge akaingia akalisalimia.

Wa pili, shuka za Tonge kutoka duka jingine la kwenye simu, la bluu. Nyekundu, zina tembo. Nzuri mno! Ila zina harufu ya mafuta ya taa. Nikaziloweka pamoja na nguo za Baba Tonge ili nisipoteze sabuni. Kosa gani hilo! Tembo wote wameogelea wakaondoka. Shuka zimebaki waridi, na fulana zake za kazini, zote alizonazo, zimekuwa waridi.

Amevaa moja hivyo hivyo, haijakauka vizuri. Amesema mwanamume hatishwi na rangi. Amerudi kabla ya wakati. Karakana nzima inamwita Waridi. Mteja mmoja amekuja na geti lake bovu akasema anamtaka fundi Waridi, nasikia ana mkono laini.

Duka la bluu nimelipatia nyota tano. Shuka zenyewe hazijachanika.

Kuhusu wigi, nina mpango. Wifi anapenda vitu. Nimempelekea, nimemwambia nilipoliona tu nikasema hili ni la wifi yangu. Lengo, azungumze vizuri na mama mkwe kabla hajaja. Akalivaa papo hapo, akajitazama kwenye kioo cha kabati la dawa, akasema kwa kweli mimi nina roho nzuri, tatizo langu ni akili tu. Tumeagana vizuri.

Jumapili, tarehe 10 Machi

Kitanda hakijafika. Duka la manjano linanionyesha kiko wapi. Jana: Kifurushi chako kimeondoka. Leo: Kifurushi chako kinapumzika.

Kinapumzika! Mimi mwenyewe sijapumzika tangu nijifungue.

Kuna mahali pa kuzungumza na mhudumu. Nikabonyeza. Akanikaribisha vizuri sana, akaniita Mpendwa. Nikamweleza yote. Nundu, wifi, koti jeupe, mama mkwe, maziwa. Nikamwambia mama mkwe akija kabla ya kitanda, mtoto anaondoka, na mimi sijui kukaa chumbani bila sauti yake. Niliandika mpaka machozi yakadondokea kwenye kioo, herufi zikajiandika zenyewe.

Akajibu hapohapo. Kwamba anasikitika kwa usumbufu. Kwamba kifurushi changu kinapumzika. Je, jibu hili limekusaidia?

Baba Tonge akasoma begani kwangu, akasema huyo si mtu, ni mashine. Nikamwambia hata kama. Nikabonyeza ndiyo, limenisaidia. Itakuwaje nikisema hapana, halafu wamfukuze?

Jumanne, tarehe 12 Machi

Sijui nianzie wapi.

Ujumbe uliingia asubuhi: Kifurushi chako kiko njiani, tafadhali andaa mahali. Nikaandaa! Nikatoa kabati nje. Nikakunja zulia. Nikafuta ukuta. Baba Tonge akaja na wenzake wawili wa karakana, watu wa mabega, kwa sababu wifi alisema vitu vya Mwanasesere ni vizito. Wifi mwenyewe akaomba ruhusa kazini aje ashuhudie, na wigi kichwani. Jirani fundi cherehani akasimamisha mashine yake akatoka mlangoni.

Bwana Mzigo akafika. Begini hamna kitu. Kwapani ana boksi.

Nikamuuliza vipande vingine viko wapi. Akanitazama. Akatazama simu. Akasema, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, kwamba kipande ni kimoja, mama, na hata hicho kimecheza njia nzima.

Nikafungua.

Ni kitanda. Siwezi kusema si kitanda. Cheupe, vizuizi pande zote, kiblanketi chenye maua ya bluu. Kimto ukubwa wa biskuti. Kinaenea kwenye sinia na nafasi ya vikombe inabaki. Nikamchukua Tonge, sijui kwa nini, nikajaribu kumlaza. Uliingia mguu mmoja. Akaridhika.

Mmoja wa wale wenye mabega akauliza tukibebe sasa au tungoje kivuli.

Fundi cherehani alikuwa ameshika mlango ili asianguke. Alipopata pumzi akaniuliza kimeandikwaje. Nikasema cha Mwanasesere, kampuni. Akaketi chini kabisa. Akasema mama wee, mwanasesere ni mdoli! Yeye vitambaa vinavyobaki anavishonea midoli ya shule ya chekechea, na mwalimu akija kuichukua huwa anasema nimefuata wanasesere. Mdoli! Kitanda cha mdoli!

Nikamgeukia wifi. Nikamuuliza ile meza ya bosi wake je. Akalirekebisha wigi. Akasema bosi ana mabinti. Akakumbuka ana wateja, akaondoka.

Nikauliza duka la manjano kama naweza kurudisha. Naweza, ikiwa mzigo haufanani na maelezo. Nikasoma maelezo. Unafanana. Hata thelathini ni thelathini kweli. Sm si salama, ni sentimita.

Nikawapa nyota tano. Nikaandika: Kizuri sana, fundi wake ana mikono, ila mwanangu ni mkubwa.

Kisha nikaingia ndani nikamshika Tonge mpaka akachoka kushikwa.

Jumatano, tarehe 13 Machi

Sijakata tamaa. Mipango ipo.

Mpango wa kwanza, beseni la kufulia. Nikatandika shuka ya waridi, nikamweka. Kwa Tonge beseni ni kuoga. Akapiga mikono, akatafuta maji, hakuyaona, akayatengeneza mwenyewe.

Mpango wa pili, droo ya chini ya kabati. Hapa aliingia vizuri sana! Akalala kabisa, mikono juu. Nikaona nimeshinda. Nitasema ni kitanda cha kisasa, kinafungwa mchana kuokoa nafasi. Nikatoka kuanika. Baba Tonge akaja kutafuta soksi. Akavuta droo, akakutana na macho ya binti yake. Nilisikia kelele nikadhani ni ya mtoto.

Akaniuliza nafanya nini. Si kwa ukali. Nikamjibu ninachoweza. Nikasema yeye amesema mama akisema amesema, na mimi je, nikisema nakuwa sijasema? Baada ya keshokutwa ni Jumamosi, mama yake atafungua mlango huu, na mimi nitamkabidhi mtoto kwa mikono hii niliyomlelea, kwa sababu ya mbao za kitanda.

Akakaa kwenye kiti cha tofali. Kile kitanda kilikuwa mezani. Akakichukua. Akakigeuza miguu juu. Akakitikisa vizuizi. Akapitisha kidole kwenye viungo vyote. Halafu akatoa futi ya kupimia mfukoni, akapima kimto, akapima hata kimto!

Akasema hii sasa ndiyo sampuli.

Akakitia kwenye mfuko wake wa kazi, akaondoka na fulana yake ya waridi. Sijawahi kumpenda kama leo.

Ijumaa, tarehe 15 Machi

Kimekamilika!

Nilikwenda karakana saa za mchana kupeleka chakula. Kile kitanda kidogo kilikuwa juu ya meza, kimezungukwa na mafundi kama mgonjwa. Baba Tonge anapima, anapiga kelele namba, mwingine anakata. Siri ya kazi, akanieleza, ni kuzidisha kila kitu mara nne bila kupunja. Urefu mara nne. Upana mara nne. Hakuna kubahatisha.

Tatizo ni kwamba kila kitu ni kila kitu. Kizuizi cha mdoli ni kinene kama penseli. Mara nne ni bomba. Wamechomelea mabomba ya geti pande zote. Na kwa mazoea wametia komeo. Na kwa mazoea wamepaka rangi ya fedha. Mmoja alikuwa anatafuta pa kuweka namba ya nyumba.

Lakini ni kizuri! Kimesimama kama benki!

Wamekileta kwa mkokoteni, watu wanne wanasukuma, na barabarani watu walisimama kweli. Mmoja aliuliza tumenunua mnyama gani.

Tukafika mlangoni. Hakiingii. Tukakilaza ubavu. Hakiingii. Tukakigeuza kichwa chini, tukatoa viatu, tukamtoa na jirani asiyehusika. Hakiingii! Baba Tonge akapima mlango, kwa mara ya kwanza. Nikamuuliza kwa nini hakuupima kabla. Akasema mlango haukuwa kwenye sampuli.

Kiko barazani. Rangi haijakauka. Mama mkwe anafika kesho asubuhi. Kitanda tunacho, ila hakimo ndani ya nyumba. Sijui hiyo inahesabiwaje.

Jumamosi, tarehe 16 Machi

Amefika. Wifi ndiye aliyempokea stendi. Mama mkwe ana mbeleko mpya begani, imekunjwa vizuri. Nilipoiona ile mbeleko nikajua ni ya kumbebea Tonge, nikamkumbatia.

Ilibidi mama mkwe apite ubavu ubavu kuufikia mlango. Akauliza kwa nini tumeweka geti mbele ya nyumba ya chumba kimoja. Baba Tonge akasema ni kitanda, mama.

Wifi akawahi. Akasema unaona, mama, nilikwambia, hata kitanda chenyewe kinalala nje. Mama mkwe akamgeukia. Akamuuliza hicho kichwani ni nini, na kama kimekufa au kinapumua. Wifi akalishika wigi kwa mikono miwili.

Mama mkwe akakizunguka kile kitanda. Akakitikisa kwa mkono mmoja, kisha miwili, kisha akaweka nyonga. Hakikutikisika. Akafungua komeo, akafunga, akafungua. Akanyoosha mikono akasema nipe mtoto.

Nilikuwa nimejiandalia maneno marefu ya heshima, tangu Jumatatu ile nayapanga. Yote yakapotea. Nikasema tu, mama, usinichukulie mwanangu.

Akasema nipe mtoto.

Nikampa. Akambusu palipokuwa na nundu. Kisha akainama, akamweka ndani ya kile kitanda cha chuma. Tonge akakaa. Akatazama mabomba. Akashika moja, akashika jingine, akajivuta, akatetemeka kama jeli, akasimama! Kasimama! Hajawahi kusimama! Akafunua mdomo wenye meno mawili akapiga ukelele, kama mfungwa anayedai wakili.

Mama mkwe alicheka mpaka akaegemea geti. Kitanda, namaanisha.

Halafu akanigeukia. Akasema nani anataka mtoto wako, mwanangu, mzito hivi, na mimi mgongo huu. Amesema aliambiwa mjukuu wake analazwa chini kwenye saruji, anagongagonga kichwa, na mama yake yupo kwenye simu. Tangu siku hiyo chakula hakishuki. Alikuja kumwokoa mtoto. Anaona mtoto yuko salama kuliko hela za serikali. Kisha akamuuliza wifi, mbele yetu sote, hiyo saruji aliiona wapi. Wifi akasema alisema kama saruji. Akaanza kusoma kitu kwenye simu. Simu ilikuwa imezimwa.

Mama mkwe akaichukua ile mbeleko begani. Akaikunjua. Akaitandika ndani ya kitanda, akaingiza kingo vizuri chini ya mabomba, akamlaza Tonge juu yake. Nikakaa chini hapo hapo barazani. Nililia kidogo tu.

Ila amesema jambo moja. Haondoki mpaka akione kitanda kimeingia ndani kwa macho yake. Amekwenda kujinyoosha kidogo. Kwenye kitanda chetu.

Jumatatu, tarehe 18 Machi

Kimeingia! Baba Tonge amevunja fremu ya mlango, amekata ukuta kidogo upande wa dirisha, wenye mabega wamekuja, kitanda kimepita. Mlango sasa ni pazia. Tukitaka kufika kabatini tunapita juu ya kitanda cha Tonge, yeye anatupigia makofi. Mafundi wamepata wateja watatu wanaotaka kama hicho, ila wametaka bila komeo. Wifi jana alileta dawa ya meno ya watoto, ya bure, akasema tuyasahau. Nimeyasahau. Wigi hakulivaa.

Mama mkwe kimemridhisha. Leo asubuhi alikuwa amefunga mizigo yake. Kabla ya kuaga akaweka mkono ndani ya kitanda cha Tonge, akasema chuma kinachoma baridi, hapa panahitaji godoro. Na godoro letu nalo, alilolalia mimi na Baba Tonge tukiwa mkekani, limemfanya mgongo uwe kama herufi S.

Nikamwambia, mama, keti, hilo niachie mimi.

Mimi si yule wa wiki ile. Sasa nasoma kila neno. Sm naijua. Futi ya Baba Tonge ninayo mkononi, nimepima kitanda chote, nimepima na mlango, hata kama haupo. Sijarudi duka la manjano wala la bluu. Nimepata duka jipya, la kijani, lina wateja wengi waliolipatia nyota tano, na watu hawawezi kutoa nyota tano bure.

Nimesoma maelezo taratibu, kwa sauti, na mama mkwe akisikiliza. Vipimo sawasawa. Kitambaa pamba. Linafuliwa, lina zipu upande mmoja. Linakunjika, linafika kwenye bahasha. Teknolojia hiyo! Bei ni ya kutupa, nilidhani wamekosea. Na jina lake halina mafumbo, si la kampuni ya ajabu ajabu, ni neno ambalo hata Tonge atalielewa: Ganda la godoro.

Ganda! Maana yake gumu, haliingii maji, halibonyei. Kama ganda la yai. Mama mkwe amesema hilo ndilo la mgongo wake. Nikabonyeza haraka kabla hawajashtuka. Nimeagiza mawili, dogo la Tonge na kubwa la mama.

Amefungua tena mizigo yake. Amesema atangoja mpaka lake lifike.